Mtoto wa Ploiești

Leo ni tarehe 12 Juni. Kila mwaka siku hii ikifika namkumbuka mtu ambaye sikuwahi kumwona kwa macho: Corneliu Mănescu, waziri wa mambo ya nje wa Romania ya Kikomunisti. Siku kama ya leo mwaka 1968 yeye ndiye aliyekalia kiti cha Rais wa Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa kule New York, akiwa wa kwanza kutoka kambi ya Kikomunisti kupewa kiti hicho. Siku hiyo moja Baraza lilipitisha jina la Namibia kwa nchi iliyokuwa ikiitwa Afrika ya Kusini-Magharibi, na likauunga mkono Mkataba wa Kuzuia Kuenea kwa Silaha za Nyuklia. Nchi nne tu ziliukataa mkataba huo, na mojawapo ni Tanzania. Nyingine ni Zambia, Cuba na Albania. Mpaka leo najivunia kura ile. Mkataba uliwaachia wenye mabomu mabomu yao, ukawafunga mikono wasio nayo.

Lakini sababu yangu ya kumkumbuka ni mji wake. Mănescu alizaliwa Ploiești mwaka 1916, na mimi niliishi Ploiești miaka minne, mwishoni mwa miaka ya themanini, nikisomea uhandisi wa mafuta.

Aliyewahi kukaa pale haisahau harufu ile. Asubuhi ukifungua dirisha, viwanda vya kusafishia mafuta vinakusalimu kabla ya binadamu yeyote. Waromania walianza mapema sana: mwaka 1857 nchi yao iliandikwa kuwa imezalisha tani 275 za mafuta ghafi, na mwaka huohuo mitaa ya Bucharest ikawashwa taa za mafuta yaliyosafishwa hapo jirani na Ploiești. Tarehe 1 Agosti 1943 ndege 177 za Marekani ziliruka kutoka Benghazi kuja kuvipiga viwanda vile, maana ndivyo vilivyoyalisha majeshi ya Hitler. Zaidi ya hamsini hazikurudi. Vita vilipokwisha Wasovieti wakaunda kampuni ya ubia iliyoitwa Sovrompetrol, na kwa karibu miaka kumi sehemu kubwa ya utajiri wa visima ikawa inaelekea Moscow.

Nadhani huwezi kumwelewa Mănescu ukiyasahau hayo. Mtoto wa mji uliogombaniwa hivyo anajua nchi ndogo inavyotazamwa na wakubwa. Alisoma sheria, akajiunga na chama mwaka 1936 kikiwa bado marufuku, akawa naibu waziri wa majeshi, akapita kwenye tume ya mipango, akawa balozi Budapest, na Machi 1961 akakabidhiwa wizara ya mambo ya nje. Romania ilikuwa na mafuta yake yenyewe, haikuamka kila siku ikiomba Moscow ifungue bomba. Jeuri ile ya Bucharest miaka ya sitini ilitoka ardhini.

Na jeuri yenyewe ilikuwa ya kweli. Oktoba 1963 Mănescu alikutana faraghani na Dean Rusk, waziri wa mambo ya nje wa Marekani, akamwambia kwamba Romania haikushauriwa kuhusu makombora ya nyuklia ambayo Wasovieti waliyapeleka Cuba mwaka 1962, na kwamba vita ya namna hiyo ikizuka wao hawatakuwamo. Hebu fikiria mwanachama wa Mkataba wa Warsaw, muungano wa kijeshi ulioongozwa na Moscow, anasema hivyo! Siri ile ilikaa miaka thelathini. Januari 1967 akaenda Bonn kuanzisha uhusiano na Ujerumani Magharibi bila kungoja ruhusa ya mtu. Juni mwaka huohuo wenzao wa kambi walivunja uhusiano na Israel, Romania ikakataa. Agosti 1968 vifaru vya Moscow na washirika wake vilipoivamia Czechoslovakia na kuingia Prague, vya Romania havikuwamo.

Kisha 1972 akaondolewa wizarani. Ceaușescu, mtawala wa Romania, alikuwa hataki tena watu wenye majina yao wenyewe. Baadaye Mănescu alipelekwa Paris kuwa balozi, 1977 hadi 1982.

Miaka hiyohiyo mafuta yakaanza kuwapungukia. Visima vilifikia kilele cha tani milioni 14 na ushei kwa mwaka katikati ya miaka ya sabini, lakini Ceaușescu alikuwa amejenga viwanda vya kusafisha zaidi ya milioni 30. Ikabidi wanunue nje, na mapinduzi ya Iran yakaja bei ikiwa haishikiki. Deni likafika kama dola bilioni 10. Akaamua lilipwe lote, na waliolilipa ni wananchi.

Nilifika wakati huo. Mji wa mafuta, na jioni mitaa ni giza. Magari yanaachwa kwenye foleni ya petroli usiku kucha. Chumbani balbu moja hafifu, vyuma vya kupashia joto baridi kama mawe, tunalala na makoti. Jirani yetu mmoja, mjane ambaye mumewe alikuwa mchimba visima, sote tukimwita tanti, yaani shangazi, alikuwa akituachia mtungi wa kachumbari ya kabichi mlangoni na kuondoka bila neno, kwani mwenyeji aliyezungumza na mgeni alitakiwa kutoa taarifa.

Machi 1989 tukasikia redioni, sauti ikiwa chini kabisa, kwamba wazee sita wa chama wamemwandikia Ceaușescu barua ya wazi. Walimwambia anavunja katiba, aache kubomoa vijiji, aache kuuza nje chakula huku watu wanaangamia. Mmoja wa sita alikuwa Mănescu, miaka 73. Wakahojiwa, wakazuiliwa majumbani.

Nimebishana na marafiki kuhusu barua ile. Wanasema alichelewa, alikula na watawala miaka mingi. Ni kweli, na sitaki kumsafisha. Ila naona tofauti kubwa kati ya mtu yule wa 1963 aliyemnong'oneza mgeni nyuma ya mlango na huyu wa 1989 aliyeweka jina lake chini ya karatasi, akijua kesho nani atabisha hodi. Mimi nilikuwa kijana, mgeni, mwenye pasipoti ya kuniondoa, na hata redio niliifunika kwa blanketi.

Desemba 22 Ceaușescu alikimbia. Jina la Mănescu likasomwa miongoni mwa wajumbe wa baraza la Wokovu wa Taifa lililoshika madaraka, na moja ya amri za mwanzo za baraza hilo ilikuwa kuondoa mgawo wa umeme na joto. Usiku mmoja baada ya hapo tanti aliingia chumbani kwetu bila kubisha, kwa mara ya kwanza. Akaweka kiganja juu ya kile chuma cha kupashia joto cha dirishani na kukiacha hapo muda mrefu, kisha akatuita mmoja mmoja tuje tuguse.