Hadithi isiyo na Fisi

Kwenye semina moja ya walezi tuliambiwa kwamba mtoto wa chekechea afundishwe kwanza vipengele vya hadithi, yaani wahusika, mandhari, mgogoro na utatuzi, ndipo asimuliwe. Ushauri ule bado unaniwasha. Nilinunua hadi kadi za picha, kwa hela si haba, nikawakalisha watoto wa kaka yangu. Tulipofika kwenye mandhari, mmoja alikuwa anatafuna kona ya kadi na mwenzake amelala fofofo.

Kadi nikazifungia kabatini.

"Paukwa!" "Pakawa!" Hapo waliamka. Nikawapa hii: "Hapo zamani za kale aliondokea Sungura. Akaamka, akala majani, akanywa maji, akalala. Hadithi yangu imeishia hapo." Nikakunja mikono kama mtu aliyemaliza kazi kubwa.

Wakatazamana. Mdogo, wa miaka minne, akapandisha sauti: "Shangazi, hiyo siyo hadithi!"

Kwa nini? Sungura yupo, kala, kalala.

"Fisi yuko wapi?"

Fisi wa nini tena?

"Amnyang'anye chakula!"

Mgogoro huo, umedaiwa kwa hasira na mtu asiyejua kufunga vifungo vya shati. Wa semina na waje wasikie.

Tangu siku hiyo kila nikisimulia nachomoa kitu kimoja. Ile ya Kima na Papa niliihamishia jangwani: Kima yuko juu ya mkuyu, anamdondoshea rafiki yake Papa matunda mchangani. "Papa atakufa, hakuna maji!" Na kweli, bila bahari Papa atambebaje Kima mgongoni hadi kilindini, pasipo pa kukimbilia, ndipo amwambie kwamba sultani wao anaumwa na dawa yake ni moyo wa kima? Nikawarudishia bahari yao. Kima aliposema moyo kauacha mtini, warudi wakauchukue, walicheka hadi wakagaragara.

Kobe naye nilimpa mbio kuliko Sungura. Mkubwa akakunja uso: "Si atashinda tu? Raha iko wapi?" Sikuongeza neno.

Kwa wa miaka mitatu wahusika wawili wanatosha. Ukimleta wa tatu, mtoto anaomba kwenda kukojoa. Kiitikio cha kuimba usikiache, hata kama sauti yako ni kama yangu. Mazimwi nayasimulia mchana, maana usiku ni mimi ninayeamshwa. Na lile swali la "tumejifunza nini?" silitaki kulisikia, watoto wananusa mtihani kutoka mbali.

Siku hizi mdogo ananisimulia yeye. Fisi anao, zimwi analo, bahari, mto na kisima anavyo, na kila sentensi ina balaa jipya. Asichokuwa nacho ni mwisho. Juzi nimesinzia akiwa bado anaendelea, akanifinya.