Mtsanga Nyamba

Jumanne usiku, Itsamia, kisiwa cha Mwali, Komoro

Nimekaa kitako juu ya godoro la sponji, chandarua kimenifunika, na mchanga bado umo kwenye kucha. Naandika kwa mwanga wa simu nilioupunguza hadi mwisho. Kijiji kizima kiko gizani, hasa nyumba zinazotazama pwani, na nje bahari inapiga mawe meusi ya volkano kwa kishindo ambacho sijakizoea. Kwetu, mashariki ya Unguja, wimbi huvunjika mbali kwenye mwamba, likitufikia limeshachoka. La hapa linafika na hasira zake zote.

Safari sitaisimulia sana. Boti kutoka Chindini, kusini mwa Ngazidja, kisiwa kikubwa cha Komoro, hadi Hoani hapa Mwali. Tuliambiwa tutaondoka saa mbili asubuhi, tukaondoka saa sita, na kilichobaki katika tumbo langu kimebaki katika mkondo wa Msumbiji.

La kusimulia ni lugha. Nilipofika nilimsaidia bibi mmoja kushusha ndoo, akaniambia, "Marahaba." Nikashtuka. Nikadhani nimesahau kumwamkia, na mtu mzima anaitikia salamu ambayo sijaitoa, basi nikamrushia shikamoo ya haraka haraka hata akacheka. Kumbe kwao marahaba ni ahsante. Tangu hapo naishi kama mtu aliyeingia nyumba ya shangazi yake akakuta vyombo ni vilevile ila vimepangwa kabati nyingine. Dziani ni ziwani. Mtsanga ni mchanga. Nyamba nilimsikia kama ng'amba wetu, yule wa gamba la kutengenezea vitana, lakini hapa ni kasa kwa jumla. Ufukwe tuliokwenda usiku huu unaitwa Mtsanga Nyamba. Sikuhitaji mkalimani.

Asubuhi tulipanda kuliona ziwa la Dziani Boundouni. Lilikuwa tundu la mlima wa moto, mlima ukafa, tundu likajaa maji. Tangu 1995 limo katika orodha ya Ramsar ya ardhioevu muhimu duniani. Kutoka ukingoni unaona bakuli la kijani kizito lililozungukwa na msitu, hakuna mto unaoingia mbele yako wala nyumba, upepo unapita juu bila kuyagusa maji. Maji yenyewe yana chumvi na salfa. Nilichovya kidole nikalamba, nikajuta. Katikati alikuwapo kibisi, ndege wa majini, kadogo, kakapiga mbizi. Nikahesabu kimoyomoyo hadi kumi na nane ndipo kakaibuka, tena si pale nilipokuwa nakodolea macho. Ningekaa siku nzima. Lakini kaka anayetuongoza alitaka turudi tulale mchana, maana kasa hawana saa.

Kaka huyu aliwahi kuuza mitumba Kariakoo kwa miaka minne, kwa hiyo Kiswahili chake ni cha Dar tupu, chenye Kifaransa pale anapokasirika. Saa nne usiku alinikagua kama askari wa bandarini. "Dada, simu mfukoni. Na hiyo saa yako vua." Nikamwambia saa si taa. Akaninyanyua mkono, kioo kikawaka chenyewe. Nikavua.

Tulikaa mchangani karibu saa moja na nusu bila kusema neno. Hakuna mwezi. Kwanza nilisikia pumzi, mtu mzito aliyepanda ngazi, kisha mkwaruzo, kisha kimya, kisha mkwaruzo tena. Alipita mbali kidogo nasi. Hatukusogea mpaka alipomaliza kuchimba na kuanza kutaga, kwa sababu kabla ya hapo akihisi mtu hugeuka akarudi baharini na mayai yake tumboni. Ndipo kaka akawasha kitaa chekundu, akakielekeza nyuma ya kasa, chini, kwenye shimo.

Mayai ni meupe, ukubwa wa ndimu, yanadondoka mawili matatu, mengine yakiwa na ute unaong'aa. Hupita mia kwa mkao mmoja. Baada ya wiki mbili hivi atarudi kutaga tena, na akishamaliza msimu wake huenda ikapita miaka miwili mitatu kabla hajaonekana tena. Macho yake yalikuwa yanatiririka. Nilijua, nilikwisha soma, kwamba si kilio bali ni tezi zinazotoa chumvi ya ziada mwilini. Kujua hakukunisaidia.

Kisha akaanza kufukia. Hapo ndipo nilipopata fungu langu: alitupa mchanga kwa makasia ya mbele, teke moja la uso mzima, mdomoni, puani, ndani ya kanga. Nilikuwa nautafuna. Una punje za matumbawe na punje nyeusi za mlima, na kwa meno huwezi kuzitofautisha.

Nikamkumbuka baba.

Nyumba yetu ilijengwa 1994, nikiwa na miaka tisa. Mchanga ulitoka pwani, chini ya minazi, umbali wa kutupa jiwe. Tulikwenda usiku kwa sababu mchana sheha angeona. Gari la ng'ombe lilikuwa la jirani, makoleo mawili, kaka zangu wanajaza, na mimi nimeshika kandili. Safari nyingi sana. Mimi nilihesabu hadi thelathini kisha nikasinzia. Sikumbuki yeyote kati yetu akijiuliza kama kuna mtu anautumia ule mchanga. Mama aliwahi kusema pwani inaota mashimo, baba akamjibu, "Bahari italeta mwingine." Alikuwa mtu mwema na hakuwa na hela ya kununua mchanga wa shamba. Bahari haikuleta. Pale sasa kuna mawe, na maji kujaa yanafika kwenye mizizi ya minazi iliyobaki.

Alama anayoacha kasa akipanda ni mistari miwili sambamba, kama gari la ng'ombe limepita bila ng'ombe. Nilipoiona usiku huu chini ya kile kitaa chekundu, mwili ulinisisimka, na si kwa baridi.

Jumatano

Nimelala kwa muda wa saa tatu tu. Chai, mkate, na mabaki ya mataba ya jana, ambayo ni kisamvu chetu kwa nazi, wanavyopika wao nzito zaidi.

Tulirudi ufukweni kuona mchana kuna nini. Kuna mashimo, mashimo kila mahali, utadhani watoto wamecheza, maana hapa kasa wanataga mwaka mzima. Na mwisho wa ufukwe, karibu na majani, kuna gamba kuukuu limepinduliwa, limejaa maji ya mvua na majani makavu. Nikamuuliza kaka, ingawa nilijua. Akasema watu huja na boti usiku. Kasa akiwa anataga hawezi kukimbia, anapinduliwa tu. "Sisi wengi hapa hatumli, dini hairuhusu. Wanaokuja wanatoka nje ya kisiwa." Tukatembea kidogo. "Na wa hapahapa wamo," akaongeza, bila kunitazama.

Walinzi ni wanakijiji. Jumuiya yao ilianza 1991, kabla ya hifadhi yenyewe. Hifadhi ya bahari ya Mwali ilitangazwa 2001 kwa makubaliano na vijiji 10, ikawa ya kwanza nchini Komoro, na mwaka 2020 UNESCO ikakiingiza kisiwa kizima katika hifadhi zake za bayongahewa, yaani maeneo ya viumbe na watu pamoja. Nafurahi kwamba karatasi zipo. Ila niliyemwona mimi ni mtu wa makamo, kandambili mguuni, koti la mvua lililochanika kwapani, anayekaa kwenye mawe hadi alfajiri na hana mshahara wa kueleweka. Siku akiamua kulala, zile karatasi zitakaa pale badala yake?

Nikamwuliza kaka habari ya mchanga. Hili halikumshangaza. Akasema visiwa jirani vya Ngazidja na Nzwani kuna fukwe ambazo watu waliujenga mchanga wote, yakabaki mawe, na kasa hachimbi jiwe. Kuchota kumepigwa marufuku na bado kunaendelea. Dawa ipo chini ya miguu: visiwa hivi vyote ni mlima wa moto, mawe meusi hayaishi, yanasagwa na mashine yanakuwa mchanga mzuri wa kujengea. "Sasa bei yake," akasema, akapiga mluzi. Mchanga wa pwani ni bure, unataka koleo na usiku mmoja. Nikanyamaza. Hesabu hiyo naijua tangu nikiwa na miaka tisa.

Mchana tulikwenda upande wa Ouallah kuwaona popo wa Livingstone, huyohuyo Livingstone wa vitabu vya skuli. Dunia nzima wapo Mwali na Nzwani tu. Weusi, mabawa yao yanapita mita moja, na wanaruka jua kali wakielea juu ya bonde kama mwewe. Usiku hula matunda wakitawanya mbegu, kwa hiyo wao wanaupanda msitu nao msitu unawalaza. Nilitegemea kuogopa. Mmoja alijikunyata kwenye tawi akajifunika bawa kama mzee anayejitanda shuka msikitini, nikacheka peke yangu.

Ijumaa, Fomboni

Mtandao umerudi, na ujumbe arobaini. Mdogo wangu amepiga mara tatu, nikampigia. Mama mzima, paka amezaa. Ukuta wa sebuleni umebanduka tena, anasema, tangu masika haya plasta inatoka kwa vipande, na chumvi imetokeza nyeupe kama mtu amepangusia unga. Kila mwaka mama hupaka chokaa kabla ya Ramadhani, na kila mwaka chumvi inarudi. Safari hii ameamua kukwangua yote hadi kwenye mawe na kupiga plasta upya, na akiwa na fundi palepale amalizie ukuta wa ua.

"Nimeshaagiza mchanga," akasema. "Gari mbili."

"Wa wapi?"

Akanyamaza kidogo. Nyuma yake nilisikia fundi akiita mtu, na jembe likikwangua saruji.

"Wa shamba, dada. Wa shamba."

Nikamuuliza gari linakuja saa ngapi. Akasema usiku, mchana kuna foleni.