Nilivyomaliza mionzi Ocean Road msimu wa korosho

Kwetu Newala, mkoani Mtwara, mtu akisema fulani kapelekwa Ocean Road, hospitali ya saratani ya Dar es Salaam, watu huanza kutoa pole za msiba. Mimi nilipelekwa mwaka 2022, nikatibiwa saratani ya mlango wa kizazi, nikarudi, na sasa niko sokoni nauza vitenge vyangu. Naandika kwa sababu wanawake wananifuata kibandani, wanasubiri wateja wapungue, halafu wananiuliza nilifanyaje. Wengi wanategemea niwatajie dawa. Dawa zipo, nitazieleza. Ila kazi kubwa kuliko zote ilikuwa kubaki Dar es Salaam mpaka dozi iishe, huku nyumbani kila kitu kinaniita.

Nilianza kuona damu baada ya tendo la ndoa. Baadaye ikawa inatoka hata katikati ya mwezi, kisha yakaja maji yenye harufu na kiuno kikawa kinauma usiku. Kwenye kituo nilichokuwa naenda nilipewa dawa za U.T.I., yaani maambukizi ya njia ya mkojo, kisha za fangasi, kisha U.T.I. tena. Kila mara nilitoka na karatasi ya dawa bila mtu kunipandisha kitandani na kuniangalia. Hili linaniuma mpaka leo. Mwanamke anayetoka damu isiyo ya mwezi lazima mlango wake wa kizazi utazamwe kwa macho, haitoshi kumsikiliza ng'ambo ya meza.

Aliyenitazama ni muuguzi mmoja siku walipokuja kufanya uchunguzi wa bure. Kipimo chenyewe ni chepesi: unalala, wanaingiza kifaa cha kufungulia njia, wanapaka siki kwa pamba kwenye mlango wa kizazi, wanasubiri kama dakika moja. Palipo na chembe zilizoanza kubadilika panageuka peupe. Kwangu hata siki haikuhitajika. Aliwasha taa, akaangalia, akanyamaza kidogo.

"Mama, kuna kinyama hapa, na nikikigusa kinatoa damu. Hiki hatukitibu hapa."

Nikamuuliza kama ni kansa. Akasema, "Kipimo ndicho kitakachosema. Lakini usikae nacho nyumbani."

Nikaenda hospitali ya Ndanda, wakakata kipande kikapelekwa maabara. Kusubiri majibu kulinichosha kuliko ugonjwa wenyewe. Majibu yalipotoka nilipewa rufaa ya Dar, na kule, baada ya vipimo vingine, wakaniambia nipo hatua ya pili B. Maana yake uvimbe umeshavuka mlango wa kizazi na kuingia kwenye nyama za pembeni, kwa hiyo upasuaji haufai tena. Tiba yake ni mionzi ya nje, pamoja na dripu ya kemo, dawa ya kuua saratani, mara moja kwa wiki, kisha mionzi ya ndani. Daktari alisema neno nililolishika: hatua hii inatibika kwa nia ya kupona, mradi umalize.

Nirudi nyuma kidogo kwenye nauli. Rufaa ilinikuta mikorosho ikiwa kwenye maua, wakati ambao mkulima wa kwetu hana kitu mfukoni. Ndio wakati wanunuzi wa kangomba wanapita nyumba kwa nyumba wakitoa pesa kidogo leo ili wachukue korosho zako baadaye kwa bei ya kutupa. Mume wangu alikuwa tayari kuwaita. Nilimwomba asubiri, nikapeleka rufaa yangu kwenye kikundi chetu cha VICOBA, cha kuweka na kukopa, nikaisoma mbele ya wenzangu wote. Wakanikopesha, nilipe malipo ya korosho kutoka chama cha msingi, yaani ushirika wetu, yakiingia benki. Mwanamke anayeficha ugonjwa wake asaidiwe vipi? Nilisema mchana kweupe, na msaada ukaja mchana kweupe.

Dar nilifikia kwa ndugu yangu Mbagala, chumba na sebule, watoto watatu. Mama mkwe wake alisikia natibiwa mionzi akataka nisilale karibu na wajukuu, eti nitawaunguza. Sikugombana naye. Nilimuuliza mtaalamu wa mashine, akanieleza kwamba kwa mionzi ya nje, mashine ikizimwa mionzi imekwisha, hakuna inayobaki mwilini, na ninaweza kumbeba mtoto na kula naye sahani moja. Nikamrudishia bibi maneno hayo kama nilivyopewa. Yule mjukuu mdogo ndiye aliyekuwa ananiletea maji ya kunawa.

Kabla ya kuanza walinipima damu, ikaonekana imepungua sana kwa ule utokaji wa muda mrefu. Mionzi haifanyi kazi vizuri mwili ukiwa hauna damu ya kutosha, kwa hiyo ilibidi niongezewe kwanza. Hapo ndipo nilipojua maana ya kuwa na watu wa kwenu mjini: vijana wa Newala wanaouza mitumba Mbagala walikuja kuchangia damu, wengine sikuwahi kuwaona maisha yangu.

Mionzi ya nje kwa kawaida hupigwa Jumatatu hadi Ijumaa kwa wiki 5 hivi, mara 25 au karibu na hapo. Siku ya kwanza wanakupima eneo na kukuchora alama kwenye ngozi. Alama hizo usizisugue ukaziondoa. Ukilala kwenye mashine husikii chochote cha kuuma. Ni dakika chache, umetulia, wahudumu wametoka nje wanakutazama kwenye kioo. Jambo nililolipa uzito mkubwa ni kibofu. Wanataka kijae, kwa sababu kibofu kilichojaa husukuma utumbo juu, mbali na mionzi. Sasa mtu anayetoka Mbagala na daladala za Posta, kwenye foleni ya Kilwa Road, ukinywa maji nyumbani utaumbuka njiani. Nikawa nabeba chupa yangu haijafunguliwa. Nikifika, naandikisha jina, naulizia mbele yangu wamebaki wangapi, ndipo naanza kunywa polepole. Mwanzoni wahudumu walinirudisha foleni kwa sababu kibofu hakijafika kiwango. Baadaye nikapata kipimo changu.

Siku ya kemo ilikuwa nzito. Asubuhi wanapima damu na figo, majibu yakiwa mazuri ndipo dripu inafunguliwa. Dawa yenyewe inaitwa sisiplatini, na inaweza kuumiza figo, ndiyo maana wanakuwekea maji mengi na wanakusisitiza uendelee kunywa nyumbani. Masikio yalikuwa yanalia. Niliwaambia, nao wakaandika kwenye faili. Usinyamaze na dalili kama hiyo ukidhani ni uoga. Kichefuchefu nilipewa vidonge vya kukizuia, nikawa nameza kabla hakijaanza.

Kuhara kulikuja tulipofika katikati. Niliacha maziwa, maharage na mboga za majani kwa muda, nikala wali laini, uji na ndizi mbivu, nikanywa maji ya chumvi-sukari ya pakiti. Kukojoa kukawa kunachoma. Uchovu ulikuwa wa namna ambayo usingizi hauuondoi. Hapo ndipo wenzangu wengi walipoanza kuondoka. Mmoja wa huko Kilwa, tuliyekuwa tunakaa benchi moja, alisema damu imeshakata, anajisikia vizuri, anarudi kuvuna. Damu hukata mapema kweli. Kukata kwa damu siyo kupona.

Na mimi simu zilianza. Mume wangu: "Mama Somoe, korosho zinalala chini, mvua inanukia." Anayejua korosho anajua maana yake. Ikinyeshewa chini ya mti inapoteza daraja, na ghalani wanaikata bei. Nilimwambia aongee na mdogo wake wagawane, mmoja aokote na mmoja aanike, wampe shemeji magunia kadhaa kwa kazi hiyo. Tulipoteza kiasi, nilikubali kabla sijakiona.

Simu nzito ilitoka kwa mjomba. Mama mkubwa alikuwa amefariki. Sisi Wamakonde mjomba akisema limesemwa, na huyu ndiye aliyenilea.

"Mwanangu, dada yangu amelala. Njoo umzike mama yako. Hospitali haihami."

Sikuwa na jibu la kumpa. Usiku ule nilikunja nguo zangu. Asubuhi nilikwenda na begi hadi hospitali, nikamweleza dada muuguzi, nikamwomba aongee na mjomba mwenyewe. Alipiga simu mbele yangu, akaweka sauti ya juu.

"Shikamoo mzee, na poleni sana na msiba."

Akamweleza taratibu, bila kumkatiza wala kumtisha. Kwamba mionzi inaua uvimbe kidogo kidogo kila siku, na siku zikikatika ule uliobaki unaanza kukua tena, kama shamba lililopaliliwa nusu likaachwa na mvua. Kwamba tiba yote, ya nje na ya ndani, inatakiwa iishe ndani ya wiki 8, na kila wiki inayozidi inapunguza nafasi ya kupona. Kutoka Newala kwenda na kurudi, na siku za matanga, wiki nzima imekwenda.

Mjomba alikaa kimya mpaka nikadhani simu imekata. Kisha akauliza, "Akimaliza, arobaini ataiwahi?" Muuguzi akapiga hesabu kwenye kadi yangu, akasema ataiwahi. "Basi tutazika. Mwambie akae."

Nilimzika mama mkubwa kwa simu, nikaenda kulala kwenye mashine nikiwa na kanga yake kiunoni. Nawaambia wanaonifuata: usibishane na wazee peke yako. Mpe simu mtu wa hospitali.

Mionzi ya ndani inaogopwa zaidi, nadhani kwa sababu haielezwi vizuri. Wanaingiza vyuma vyembamba kupitia njia ya uzazi hadi kwenye mlango wa kizazi, wanakupiga picha kuhakikisha vimekaa, kisha vinaunganishwa na mashine. Chembe ndogo ya mionzi inaingia kupitia waya, inakaa dakika zake, inarudi kwenye mashine. Kuwekewa vyuma kunauma na walinipa dawa ya maumivu. Faida yake ni kwamba uvimbe unapata dozi kubwa karibu kabisa, na kibofu na utumbo vinapata kidogo. Anayemaliza ya nje akakimbia ya ndani ameacha nusu ya tiba.

Baada ya hapo hedhi ilikoma, kwa kuwa mionzi huzima mayai. Joto la ghafla likaanza nikiwa na miaka 44. Njia ya uzazi pia huwa inakaza, na muuguzi alinifundisha kutumia kifaa cha kuipanua ili isizibe, maana ikiziba hata daktari hawezi kukuchunguza. Alimwita na mume wangu siku alipokuja, akatueleza wote wawili kuhusu kurudi kwenye tendo la ndoa, taratibu na kwa kilainishi. Mume wangu aliangalia chini muda wote, lakini alisikia, na alifuata.

Kliniki ilikuwa kila miezi mitatu, sasa imeongezwa muda. Uvimbe haujaonekana tena. Yule wa Kilwa nilikutana naye kwenye mojawapo ya kliniki hizo. Ugonjwa ulikuwa umerudi na yuko kwenye tiba shufaa, ile ya kupunguza mateso, anakunywa morfini ya maji ya kutuliza maumivu. Aliniambia sasa anaweza kulala na kula pamoja na wanawe. Namtaja kwa heshima, kwa sababu wapo wanaodhani morfini ni dalili kwamba hospitali imekutupa, na wanaacha ndugu zao wapige kelele za maumivu nyumbani bure.

Nilipopata nguvu nilimshika mkono mdogo wangu wa kike nikampeleka kupimwa kwa siki. Yeye hakuwa na dalili hata moja. Pakaonekana peupe, padogo. Wakampa tiba palepale: kifaa chenye ncha ya moto kinawekwa kwenye lile eneo kwa muda usiozidi dakika moja, akaambiwa maji maji yatamtoka wiki kadhaa, asikutane na mumewe mpaka apone, arudi baada ya mwaka. Alitembea mwenyewe kurudi nyumbani na jioni akapika. Nilikaa jikoni kwake nikalia, kwa furaha na kwa uchungu wa kwangu. Ugonjwa wetu ni mmoja, ila wake ulikutwa mapema.

Binti yangu Somoe amepata chanjo ya HPV, kirusi kinachosababisha karibu saratani zote za namna hii. Mwaka 2024 ilianza kutolewa kwa dozi moja tu, kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14. Kulikuwa na maneno mtaani kwamba chanjo inafunga uzazi. Nyakanga wetu, anayecheza unyago wa nusu ya mtaa, alikuja kuniuliza mimi kwanza. Nilimjibu kwa yote niliyoyapitia. Siku hizi akiwatoa wali, wasichana waliochezwa unyago, anawaambia mama zao wakapime.

VICOBA nayo tumeibadilisha. Kila mwanachama anaweka kidogo msimu wa korosho kwenye mfuko wa rufaa, na yeyote mwenye karatasi ya Ocean Road, awe mwanachama au mtoto wa mwanachama, anapewa nauli na pesa ya kula. Ya kwenda anapewa mkononi. Ya kurudi inakaa kwa katibu, na anatumiwa siku anapotutumia picha ya kadi yake ikiwa imesainiwa kwamba mionzi yote imekwisha. Akifiwa katikati, mwenyekiti anakwenda msibani kwa niaba yake na ubani wa kikundi.