Miraba 150: ninavyochora uso ufanane na picha, na ninavyofundisha

Ninachora sura za watu kwa uhalisia wa picha, na kufundisha sanaa sekondari hapa Kampala. Kilichonivusha ni rula, kuliko hata brashi.

Mteja nampiga picha nikiwa mita 2 kutoka kwake; simu ikisogea karibu, pua huvimba na masikio hurudi nyuma. Naichapisha Nasser Road, mtaa wa wachapaji, sm 20 kwa 30, naigawa miraba ya sm 2, inakuwa 150. Kanvasi ni sm 80 kwa 120, miraba ya sm 8, na nanakili mraba kwa mraba. Kwa hiyo kosa la mm 2 kwenye picha ni mm 8 kwenye kanvasi, na jicho likihama kiasi hicho, mama mtu hamtambui tena mwanawe. Ndiyo maana fremu naipima kwanza pembe kwa pembe: vipimo vyote viwili visome sm 144 na kidogo, la sivyo miraba inapinda.

Kitambaa ni amerikani, kilichofuliwa kwa maji ya moto kisije kikanywea. Gundi nyeupe ya mbao na maji, nusu kwa nusu, kisha mikono mitatu ya rangi nyeupe ya maji, msasa laini katikati. Gundi usiiruke: mafuta ya rangi hupenya na kuozesha nyuzi.

Ngozi yetu haitaki rangi nyeusi ya tyubu. Uso unakuwa kama umepakwa majivu. Kivuli nakipata kwa kahawia iliyoungua na bluu ya altramarini. Mtu akisimama nje, kipaji cha uso hung'aa kibuluu kwa sababu ya anga, na chini ya kidevu kuna wekundu unaopanda kutoka kwenye murramu, ule udongo mwekundu wa barabarani. Wekundu huo ukiuacha, shingo inakufa.

Darasani uso unasubiri. Tunaanza na sufuria ya aluminiamu, penseli 2B na 6B, ngazi tisa za kivuli. Tatizo kubwa ni kwamba mwanafunzi huchora jicho analolijua badala ya lile analoliona. Nawapa kadi yenye tundu la sm 2: mraba mmoja tu unaonekana, na picha imegeuzwa juu chini.

Picha moja hula wiki sita, kwa hiyo kubwa nazianza likizo. Nusu ya malipo naichukua kabla sijakata mbao.