Nilivyoifanya Oktoba ya London iwe tamu

Kila Oktoba ikiingia, Waswahili wenzangu hapa London huanza kuomboleza. "Jifungie ndani dada, washa hita, subiri Aprili." Ushauri huo ulinikera tangu mwaka wangu wa kwanza na bado unanikera, maana anayeufuata anaitupa nusu ya mwaka wake. Vitamini D ya kufidia jua sawa, nameza. Hata NHS, huduma ya afya ya taifa huku, inashauri mikrogramu 10 kwa siku majira haya. Ila kidonge hakikupi raha.

Saa zikisharudishwa nyuma Jumapili ya mwisho ya Oktoba, jua huzama kwenye saa kumi na nusu jioni. Ukingoja utoke kazini ndipo ustarehe, utakuta giza. Kwa hiyo starehe yangu niliihamishia mchana. Saa saba, wenzangu wakila mbele ya kompyuta, mimi nabeba chupa ya chai ya tangawizi naelekea bustani ya Greenwich Park. Wakati huo Tanga ni saa kumi jioni, mama yuko barazani na chai yake, nami nampigia. Tunakunywa pamoja.

"Hiyo kelele ni nini, mwanangu?"

"Majani makavu mama, nayakanyaga."

Siku moja nilimweleza kwamba ile rangi ya manjano haiji na baridi. Imo ndani ya jani tangu mwanzo, kijani ndicho kinachoifunika, na mti ukiacha kutengeneza kijani inajitokeza. Nyekundu ndiyo hutengenezwa upya. Mama akasema, "Kumbe ilikuwemo!" Tangu hapo kila nikipiga anauliza leo kuna rangi gani.

Humo bustanini mna michesnati, miti ya kokwa za kuchoma na kula, iliyopandwa miaka ya 1660, enzi za Mfalme Charles II, mashina yamejisokota ajabu. Kuokota chesnati pale hairuhusiwi, kwa hiyo nanunua sokoni. Zichanje msalaba kwa kisu kabla ya kuzichoma, la sivyo zitapasuka kwa kishindo. Mimi nazichoma kwenye kikaango cha chapati, moto mdogo, nimefunika, na nyumba nzima inanukia kiazi kitamu kilichochomwa. Na ukiwa mahali panaporuhusiwa kuokota, tahadhari: kuna mti mwingine wenye mbegu za kufanana, watoto huzichezea, na hizo ni sumu. Ya kuliwa ina kishungi kidogo kwenye ncha na ganda lake limejaa miiba myembamba kama sindano. Ile nyingine ni laini, ya mviringo, na ganda lake lina miiba michache minene.

Lakini raha yangu kubwa ni boga. Sikukuu ya Halloween, ambayo watu huchonga sura kwenye maboga, ni tarehe 31 Oktoba, na kesho yake maduka yanahangaika na maboga ambayo hakuna anayeyataka tena. Boga zima, halijachongwa, kwa bei ya mchicha! Jirani mmoja aliniambia nilichemshe tu kama la nyumbani. Nikachemsha. Likatoka maji na nyuzi, halina utamu wowote, kwa kuwa haya makubwa yamekuzwa kwa ajili ya kuchongwa sura.

Sikukubali. Lililofuata nililikata vipande vinene na maganda yake, nikapaka mafuta kidogo, nikatia oveni nyuzi 200 mpaka kingo zikaanza kuungua na maji yote yakakauka. Hapo utamu unabaki umekolea. Nikamenya, nikalitia kwenye sufuria na tui zito la kopo, iliki niliyoitwanga mwenyewe, sukari kidogo na chumvi chembe. Usikoroge, tikisa sufuria, lisije likavurugika. Tui lilipokauka likang'ang'ania boga, nilimpelekea jirani bakuli. Alilirudisha tupu jioni ileile, akauliza nimepata wapi boga la Tanga.

Sasa kila Novemba mosi nanunua kadiri ya nguvu za mikono yangu. Boga lisilo na jeraha hukaa wiki kadhaa mahali pakavu penye ubaridi, kwa hiyo halinilazimishi kulipika upesi. Mbegu usizitupe: zioshe, zikaushe usiku kucha, kisha zikaange kavu na chumvi na pilipili ya unga. Hizo ndizo ninazotia mfukoni nikienda bustanini saa saba.