Kumbukumbu zangu zitaanzia kwenye foleni

Jioni ya leo nimeamua kwamba kitabu cha maisha yangu, ambacho kwa muda mrefu nimekizungumza kuliko kukiandika, hakitaanza na siku niliyozaliwa. Siku hiyo siikumbuki. Ninachokijua ni masimulizi ya mama, nami nitayaweka mahali pake kama maneno yake. Hata Tippu Tip, aliyeacha habari za maisha yake kwa Kiswahili kabla ya kufariki Zanzibar mwaka 1905, aliuruka utoto akaanzia safari za biashara alizozianza akiwa na miaka 12. Simchukui kuwa kielelezo cha utu, maana biashara yenyewe ilikuwa ya pembe na watumwa, lakini katika suala la pa kuanzia naona alijua alifanyalo.

Mimi nitaanzia kwenye foleni ya duka la kijiji, mwanzoni mwa miaka ya 1980, wakati Tanzania ilipokuwa imetoka kwenye vita vya Kagera na fedha za kigeni zimekauka. Watu walipanga mawe na makopo tangu alfajiri ili kushika nafasi, wakaenda shambani, na kila mtoto alilijua jiwe la kwao. Mche wa sabuni ulikatwa kwa uzi, vipande vyembamba vikagawiwa kwa kaya, na mama alikifunga chetu kwenye gazeti ambalo baadaye lilitumika kufungia chumvi. Hapo ndipo macho yangu mwenyewe yanapoanza kushuhudia.

Tarehe zimenisumbua zaidi. Mama hana kalenda kichwani, ana matukio: mdogo wangu aliachishwa ziwa redio ilipokuwa ikipiga nyimbo za maombolezo ya Waziri Mkuu Sokoine, kwa hiyo ni Aprili 1984. Basi nimelichora daftari langu kubwa mstari katikati; upande mmoja mambo ya nchi, upande wa pili mambo ya nyumbani, na inashangaza jinsi upande wa kwanza unavyouvuta wa pili.

Liko jambo lililonifanya niiweke kalamu chini kabla ya kupiga simu. Baba mdogo alikuwa akilangua sukari, na msako wa wahujumu uchumi ulipoanza mwaka 1983, alitumbukiza magunia chooni usiku. Sasa ni mzee anayeheshimika msikitini, na sikuona haki kulichapa bila yeye kujua. Nilimwamkia, nikamsomea aya yote. Alinyamaza kidogo, kisha akauliza kama nimeandika pia kwamba sukari hiyohiyo ndiyo tuliyokuwa tukiinywea chai nyumbani kwetu, na kwamba baba aliichukua bila kuuliza inatoka wapi. Nikamjibu, "Bado, baba, lakini naiandika usiku huu."