Olynthos, mji uliobaki kama ulivyoanguka

Ukitaka kujua Mgiriki wa kale aliishi vipi nyumbani kwake, usianzie Athens. Anza na Olynthos, kwenye rasi ya Chalkidiki, kaskazini mwa Ugiriki. Philip II wa Makedonia aliuteka mwaka 348 KK, akaubomoa, akawauza wakazi utumwani. Sehemu kubwa haikujengwa tena, ndiyo maana vyombo vilikutwa sakafuni.

Mwanaakiolojia David M. Robinson alichimba hapo misimu minne, 1928 hadi 1938, akafukua nyumba zaidi ya 100. Barabara zimenyooka na kukatana. Kila kitalu kina nyumba 10, safu mbili za tano tano, katikati kichochoro chembamba cha kupitisha maji. Nyumba ni kama mita 17 kwa 17, ina ua, na nyingine zina chumba cha karamu za wanaume chenye picha za kokoto sakafuni.

Kuta fupi unazoziona leo ni misingi ya mawe tu. Juu yake yalikuwa matofali mabichi, na tofali bichi likikosa paa huyeyuka kwa mvua.

Kinachonigusa zaidi ni risasi za kombeo, za madini ya risasi kwelikweli, zilizoandikwa jina: “ya Philip”.